Klachi ikilegea, usikimbilie kushusha giaboksi

Kuna maneno ambayo mwenye Land Cruiser wa huku kwetu akiyasikia moyo humshuka: "Hii ni klachi, lazima tushushe giaboksi." Kushusha giaboksi ya gari la kuvuta magurudumu yote manne si mchezo. Kuna shafti ya mbele na ya nyuma za kufungua, kuna giaboksi ndogo iliyoungana na ile kubwa, na uzito wake si wa mtu mmoja. Ukijumlisha klachi mpya na kazi ya fundi, unazungumzia makumi ya maelfu ya shilingi. Mara nyingi bili hiyo ni ya haki. Mara nyingine ugonjwa ni raba isiyozidi kizibo cha chupa ya soda, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Nimesomea ufundi wa magari na bado huulizwa swali hili karibu kila msimu wa mvua, hasa na ndugu zetu wa Ganze, Magarini na Tana Delta. Huko gari moja ndilo matwana, ndilo la kubeba maji na ndilo la kumkimbiza mama mjamzito hospitalini usiku. Likikaa gereji wiki moja, kijiji kizima kimekaa.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Ukikanyaga pedeli ya klachi, hakuna waya unaovutwa. Unasukuma kijipistoni ndani ya silinda iliyo juu, kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu yako. Mafundi huiita masta. Masta husukuma mafuta ya breki kupitia bomba jembamba hadi silinda ya pili, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, ambayo nayo husukuma kijiti na kijiti kikasukuma uma wa klachi. Mafuta hayabonyeki, kwa hivyo nguvu ya mguu wako hufika chini kama ilivyo. Kanuni hii iliwekwa wazi na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na ndiyo hiyohiyo inayoinua jeki ya chupa.

Tuchukue mfano. Kijipistoni cha juu kikiwa na upana wa milimita 16 na cha chini milimita 21, nguvu inayotoka chini inazidi iliyoingia juu karibu mara 1.7. Lakini hapa hakuna cha bure: nguvu ikizidi, mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho. Kijiti cha chini husogea kidogo tu, sentimita moja na ushei. Ndiyo maana upepo kidogo ukiingia kwenye mafuta klachi inakufa kabisa. Upepo unabonyeka. Unakanyaga hadi sakafuni, mguu wako unabana upepo tu, na kijiti kule chini hakijafika safari yake.

Sasa, utajuaje kama ni mafuta au ni klachi yenyewe? Injini ikinguruma mlimani na gari halivuti, hiyo ni sahani ya klachi imeisha, tafuta pesa. Lakini pedeli ikiwa laini kama mkate wa kumimina, gia zikakwaruza, rivasi ikakataa kabisa, shuku mafuta kwanza. Kanyaga pedeli haraka mara tatu nne halafu jaribu gia. Ikiingia, una upepo au una raba inayopitisha.

Mzee mmoja wa Magarini aliletewa bili ya klachi nzima kwa gari lenye dalili hizo hizo. Nilimwambia, "Mzee, kabla ya kulipa, mwambie kijana akanyage pedeli, wewe inama uangalie kile kijiti ubavuni mwa giaboksi." Akanijibu kwa simu, "Mwanangu, hakisogei hata upana wa ukucha, na hapa pana unyevunyevu." Jibu lilikuwa pale. Kama kijiti kingesogea safari yake yote na gia bado zikakataa, basi fundi angekuwa na haki ya kushusha giaboksi, kwa sababu ugonjwa ungekuwa ndani.

Baada ya kijiti, angalia kapeti chini ya pedeli. Ikiwa imelowa, masta inavuja. Vuta kile kifuniko cha raba kwenye silinda ya chini. Kikimwaga mafuta machafu, silinda ya chini ndiyo mbovu. Na kama hakuna tone popote lakini pedeli inazama polepole ukiikanyaga na kuishikilia, raba ya ndani ya masta inapitisha mafuta kurudi nyuma. Usisahau bomba la mpira: likizeeka huvimba kila unapokanyaga.

Silinda ya chini ndiyo inayoteseka zaidi huku kwetu. Iko chini, inaogelea katika kila dimbwi, na matope yakipenya chini ya kifuniko chake hufanya kazi ya msasa. Kuitoa ni rahisi: bomba moja na bolti mbili. Toa kijipistoni, kisha itazame silinda kwa ndani kwenye mwanga. Ikiwa laini na inang'aa, raba mpya zinatosha. Ikiwa na vishimo vya kutu au mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, nunua silinda nzima, maana raba mpya ndani ya silinda mbovu haitakufikisha mbali. Osha kwa mafuta ya breki au spiriti. Petroli na dizeli ni haramu hapa, raba hufura na kuharibika. Paka raba mafuta mapya ya breki, na hakikisha mdomo wake mpana unatazama upande mafuta yanakotoka. Ukiugeuza, hautashika hata siku moja. Wakati silinda iko nje, mtu yeyote asikanyage pedeli.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Jaza kikopo cha juu. Vika mpira mwangavu kwenye skurubu ya kutolea upepo na uzamishe ncha yake kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Aliye juu akanyage na ashikilie. Wewe ufungue, mafuta na mapovu yatoke, ufunge. Ndipo yeye aachie. Mguu ukiachiwa kabla hujafunga, mnavuta upepo tena na kazi inaanza upya. Wengi huharibu kwa kukisahau kikopo. Ni kidogo, kinaisha haraka, na kikikauka upepo unaingia kutoka juu.

Mapovu yakikataa kwisha, fikiri kama povu: linataka kupanda, wewe unalilazimisha kushuka. Chukua bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano, sukuma mafuta kutoka skurubu ya chini kwenda juu taratibu, ukiangalia kikopo kisifurike. Mafuta ya breki hubandua rangi ya gari, kwa hivyo weka maji karibu.

Kuhusu mafuta yenyewe sina mjadala. Tumia DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, na sisi wa pwani tunaishi ndani ya unyevu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanywa maji hushuka hadi karibu 140, na maji hayo ndiyo yanayooza silinda. Badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama hakuna kilichoharibika. Chupa iliyokaa wazi dukani tangu Ramadhani iliyopita usiinunue. Na anayekushauri kuongeza oili ya injini "ufike tu", mwambie ahsante na uendelee na safari yako, kwani raba zote, za juu na za chini, zitavimba.

Mwisho, acha pedeli iwe na uchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma. Ikikazwa mno, mafuta hayarudi kwenye kikopo, klachi inabaki imeachwa nusu, na sahani nzima inaungua bure.

Na ukikwama porini bila klachi? Zima injini, weka gia ndogo ya magurudumu manne, tia gia ya kwanza, hakikisha hakuna mtu mbele, kisha washa. Kama gari halina swichi inayodai pedeli ikanyagwe, litaondoka lenyewe taratibu kwa nguvu ya stata. Usibadilishe gia. Ukitaka kusimama, vuta hadi nyutro kwanza, ndipo ukanyage breki.