Si Uchafu, Mama: Ukweli Kuhusu Meno ya Kahawia

Jumapili moja tulikuwa tukiwafundisha watoto nyimbo za Pasaka katika kanisa letu, chini ya Mlima Meru. Binti mmoja wa darasa la sita aliimba huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mama yake alitueleza kwa uchungu: "Namchapa kila siku, hataki kupiga mswaki vizuri." Tuliona haya, maana miaka ya nyuma hata sisi wauguzi tuliwaambia akina mama kliniki maneno hayo hayo: msugue zaidi.

Akina mama wenzetu, mtoto yule hakuwa mchafu. Enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, iliharibika wakati jino lilipokuwa bado linaundwa ndani ya taya. Chanzo ni madini ya floraidi. Yakiwa kidogo hulinda meno yasioze. Yakizidi, jino hutoka na weupe kama wa chaki, baadaye hushika rangi ya kahawia, na pengine huwa na vishimo.

Daktari wa meno Frederick McKay alianza kuchunguza madoa hayo mwaka 1901 huko Colorado Springs, Marekani. Ni mwaka 1931 tu ndipo mkemia H. V. Churchill alipogundua kuwa floraidi imo katika maji ya kunywa. Kwetu Arusha, miamba ya volkano ndiyo inayoyatia madini hayo katika chemchemi na visima.

JE, YANATIBIKA?

Usimsugue mtoto kwa mkaa, mchanga wala limau. Utaimaliza enameli iliyobaki. Mpeleke kwa daktari wa meno. Doa la juujuu anaweza kulikwangua kwa asidi maalumu iliyochanganywa na unga laini, akiondoa tabaka jembamba sana. Njia mpya zaidi, iliyotokana na utafiti wa Ujerumani, ni kupenyeza utomvu usio na rangi ndani ya enameli na kuugandisha kwa mwanga. Hufaa zaidi kwa madoa meupe. Vishimo huzibwa, au jino zima hufunikwa. Uliza gharama mapema, kwani si kila hospitali ina huduma hizi.

KINGA IKO JIKONI

Meno ya kudumu huundwa tangu mtoto anapozaliwa hadi kama miaka 8, na yale ya mbele huathirika zaidi katika miaka 3 ya kwanza. Kwa hiyo:

1. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi ukali.
2. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.
3. Makaa ya mifupa ya ng'ombe, yaliyofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, huchuja floraidi. Yakichoka, yabadilishwe.
4. Punguza magadi katika makande; baadhi yana floraidi nyingi.
5. Chini ya miaka 3, dawa ya meno iwe kama punje ya mchele.

Yule mama alimwomba binti yake msamaha. Siku ya Pasaka mtoto aliimba, mkono ukipanda mdomoni na kushuka. Matibabu bado, lakini fimbo imekwisha. Tuanzie hapo, mama mpendwa, na Mungu atusaidie.