Simu Yangu Si Feki

Mgeni wetu wa arusi alitoka Dar es Salaam, mtu mzima mwenye heshima zake, na neno lake alilisema kwa huruma kabisa. Simu yangu ilikuwa imezimika juu ya mkeka, akanisaidia kuiwasha. Pale alipotazamia nembo ya kampuni, pakatokea upinde wenye vidoti vitatu. Akatikisa kichwa. "Dada, hapa umeuziwa feki. Au fundi kakuchezea." Kisha akawageukia wenziwe: "Huku pwani kila kitu cha kuungaunga."

Nikanyamaza, maana mgeni habishiwi kwenye sinia. Lakini neno lile limenikaa kooni, na leo nalijibu.

Tuanze na hiyo feki, kwa kuwa ina historia yake. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu zenye namba bandia za utambulisho, ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Watu walilala na simu wakaamka na vipande vya plastiki. Tangu hapo simu yoyote yenye sura ngeni inashukiwa, na siwalaumu wanaoshuku. Ila yangu ina namba yake halali, ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kilichobadilishwa ni mfumo endeshi, na kubadili mfumo hakuigusi namba hiyo. Tanga likichanika na kushonwa jingine, chombo ni kile kile.

Mfumo wenyewe unaitwa LineageOS. Lineage maana yake nasaba, na hapo ndipo nilipoupenda kabla sijaujua. Kwetu Kigombe, pwani ya Tanga, mtoto akitumwa nyumba ya watu huulizwa, "Wewe wa nani?" Hajibu jina lake, anataja la babaye, na akibanwa anafika kwa babuye. Basi nasaba ya mfumo huu ni hii. Babu ni Linux, aliyoanza kuiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, akaiacha wazi ili atakaye aisome, airekebishe na ampe mwenziwe. Juu ya Linux Google wakajenga Android. Mwaka 2009 Mmarekani mmoja, Steve Kondik, akaanza kutoa toleo lake la Android kwa simu ya HTC Dream. Wengine wakamfuata, kila mmoja na simu yake, na kazi ile ikaitwa CyanogenMod. Mwaka 2013 ikaundiwa kampuni, na hapo ukoo ulikaribia kukatika. Desemba 2016 kampuni ilitangaza kuwa mwisho wa mwezi inafunga huduma zote, mitambo ya kutengenezea matoleo ikiwemo. Waliokuwa wakijitolea hawakuweka matanga marefu. Tarehe 24 ya mwezi ule ule walitangaza jina jipya, hilo la nasaba, wakaendelea. Waliweza kwa sababu msimbo haukuwa mali ya kampuni peke yake. Ulikuwa umekwisha kugawiwa mikononi mwa watu, na kitu kilichogawiwa hivyo hakirudishwi kabatini.

Sasa niseme habari ya siku ya kuflashi, yaani kuutia mfumo huo kwenye simu. Hiyo ndiyo ninayoipenda, na ndiyo wasioijua huidhania uhuni.

Aliyekulia Kigombe anajua mashua inavyopandishwa ufukoni ikatibiwe. Fundi hupita mbao moja baada ya nyingine akitia pamba kwenye nyufa, hiyo ndiyo kalafati. Kisha ni sifa, mafuta ya ini la papa, yanayonuka mpaka nyumba za juu na kumwambia kila mtu kuwa chini kuna kazi. Sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Siku ya kushua, ubani unafukizwa, dua inasomwa, halafu watu wanajipanga ubavu kwa ubavu, mmoja anatoa wimbo na wote wanaitikia na kusukuma. Hakuna anayelipwa kwa kusukuma. Kesho atayahitaji mabega hayo hayo.

Mwana wa dada yangu, anayefanya kazi kwenye kibanda cha simu Ngamiani mjini Tanga, alikuja Ijumaa baada ya sala. Simu nililetewa na shemeji yangu kutoka Muscat, imekwisha kutumika huko: Pixel ya kwanza, ya mwaka 2016, ambayo viraka vyake vya usalama vya kiwandani vilikoma Desemba 2019. Kioo kizima, betri inashika, kamera nzuri kuliko za simu mpya zinazouzwa hapa kwetu. Iliyokuwa imezeeka ni kinga tu.

"Mama mdogo," akaniambia, "kabla sijagusa chochote, toa kila unachokipenda."

Ukilifungua kufuli la kiwandani, simu inafuta kila kitu. Tukakaa barazani alasiri nzima tukihamisha. Picha za marehemu mama zilikuwa mle, na sauti yake akiniagiza nazi. Kijana hakunihimiza hata mara moja. Alihamisha, akanifungulia kwenye kompyuta nisikilize nihakikishe, akahamisha tena mahali pa pili. Nimekwisha kupeleka simu kwa mafundi wengi, lakini fundi aliyenisubiri nimsikilize mama yangu ni huyo tu.

Kisha akauliza jina la samaki. Hili nilidhani ni mzaha. Katika ukoo huu kila aina ya simu ina jina la ndani, na ni lazima uchukue faili lenye jina hilo hasa; ukichukua la simu nyingine itagoma, au itakufa. Simu za Google, Nexus na Pixel, za miaka ile zilipewa majina ya samaki. Nexus 4 ni mako, aina ya papa. Nexus 5 ni hammerhead, yule papa mwenye kichwa cha nyundo. Pixel ya kwanza ni sailfish, ndiye sulisuli wetu, mwenye pezi la mgongoni kama tanga. Babu mmoja jirani yangu, aliyevua maisha yake yote na asiyemiliki hata kitochi, aliposikia akasogeza kigoda. Sulisuli alikuwa anamjua.

Faili likaanza kuingia. Hesabu ikapanda, ikafika asilimia 47, ikasimama. Nikasema innalillahi. Kijana akatulia: maelekezo waliyoyaandika wenye mfumo yalikwisha kumwambia kwamba hesabu huweza kusimama kwenye 47 na kazi ikawa imekamilika. Mtu asiyetujua, yuko mbali huko, aliona mbele kuwa mgeni wa kazi hii atashtuka mahali hapo, akamwandikia neno la kumtuliza. Wazee wetu waliwaachia watoto maneno ya namna hiyo kuhusu mwamba, mkondo na alama za kurudia nyumbani. Simu ikawaka. Upinde na vidoti vitatu. Yule babu akasema, "Kimeelea."

Zipo desturi nyingine ndogo katika jamii ya mfumo huu, na zote nimezikuta nikizijua. Haifai kuuliza toleo lijalo litatoka lini. Anayeitunza simu yako anafanya kazi hiyo usiku baada ya ajira yake, bure, na kumuuliza siku ni kumdai asichokukopa. Hata Kigombe fundi wa vyombo haulizwi hivyo, unampelekea chai na kutazama. Kabla ya kuuliza swali, tafuta kama limekwisha kuulizwa. Na jina la aliyeandika mstari wa msimbo linabaki nao hata akiondoka, kama watu wanavyoitazama omo ya dau wakakuambia limechongwa na mkono wa nani. Kuhusu kubadilisha rangi na mapambo ya kioo kila wiki sina la kusema. Hayo ni ya vijana.

Watu wa benki watanijibu kwamba mfumo kama huu ni hatari, na programu zao nyingi hukataa kufunguka humo. Mimi nakubali kuwa fedha zinahitaji ulinzi. Lakini simu inayopata viraka vipya hukataliwa, na iliyoachwa na kiwanda chake bila kiraka miaka mitano inapokelewa kwa sababu tu kufuli lake ni la asili. Ulinzi gani huo? Kigombe hatujalala njaa kwa hilo. M-Pesa iliyoingia Tanzania mwaka 2008 inapatikana kwa *150*00#, na namba hiyo haimuulizi mtu nasaba ya mfumo wake.

Lugha nayo ina kisa. Mfumo unazungumza Kiswahili, isipokuwa kurasa chache zinazorudi kwenye Kiingereza, na kurasa hizo hutafsiriwa na wenye lugha wanaojitolea. Si jambo jipya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, na ili kuikamilisha kazi hiyo watu walikaa wakatunga na kuchagua maneno. Mimi na mwanangu yule tumegombana jioni nzima juu ya neno moja la kitufe; yeye anataka la vitabuni, mimi nataka linalosemwa. Kigombe iko katika nchi ya Mtang'ata, yenye lahaja yake yenyewe, nasi tuna haki ya kuwa na rai.

Wageni wanaofika huku huja kwa ajili ya silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka tangu zama za kale mpaka alipopatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumtoa kwenye majarife miaka ya 2000. Mwaka 2009 akatangaziwa hifadhi ya bahari, na Kigombe imo. Nafurahi analindwa. Natamani wangetazama pia ufukoni, maana kalafati na deheni havina hifadhi. Boti za faiba zinaongezeka, na sisemi ni mbaya, hazivuji. Lakini ya faiba ikipasuka vibaya inangoja vifaa vya dukani, na kijana wa leo hajui sifa inachemshwaje. Wimbo wa kusukuma nimeusikia mara moja tu mwaka jana, na waitikiaji walikuwa wazee.

Kwenye simu naona hayo hayo. Makufuli yanazidi kukaza mwaka hadi mwaka. Zipo simu ambazo mwenye mali amelipa mpaka senti ya mwisho na bado haruhusiwi kuzifungua. Simu za bei ya chini zinazojaa madukani Tanga nyingi hazimo katika orodha ya ukoo huu, kwa kuwa misimbo ya vipuri vyake haitolewi, ingawa leseni ya Linux inataka sehemu yake iwekwe wazi. Kwa hiyo anayefaidi ni mwenye shemeji Muscat. Hilo linaniuma, na ndugu zangu wa mfumo huria wanaposema mlango uko wazi kwa wote, nataka wajue kizingiti chake kikoje huku. Kutengeneza toleo moja kunahitaji nafasi ya kama gigabaiti 300, na kompyuta ya mwanangu ina nusu yake. Kushusha msimbo wote kwa bando la wiki ni kama kukausha kisima kwa kifuu.

Hata hivyo ameanza. Amepata diski ya pili, iliyotumika, kwa kubadilishana na matengenezo ya simu tatu. Mwenye ofisi mmoja Ngamiani anamruhusu kushusha vipande vya msimbo usiku, kuanzia saa nne hadi alfajiri, kazi zao zikiwa zimefungwa. Jumamosi iliyopita alinipigia kuniambia amefika robo, kisha umeme ukakatika. Nilimuuliza kama amekula. Lini itakwisha, sikumuuliza.