Msusi na Mkono Wake: Mfano wa Butembo na Beni

Kitenzi suka hakikuumbwa kwa ajili ya nywele peke yake. Ukili husukwa, kamba husukwa, na hata njama husukwa. Anayesuka nywele huitwa msusi, naye si kinyozi. (Kwa kufuata pika na mpishi, andika na mwandishi, mtu angetarajia msushi, yamkini s ya mwanzo wa mzizi ndiyo iliyoivuta ya pili.) Tofauti ya msusi na kinyozi si ya zana tu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati, kichwa kilichonyolewa huweza kutangaza msiba. Kilichosukwa hutangaza kwamba mwenyewe amerudi miongoni mwa watu.

Wageni walioandika juu ya nywele za kaskazini-mashariki ya Kongo aghalabu waliona umbo tu. Msafara wa magari ya Citroën wa 1924-1925 uliisambaza Ulaya sura ya Nobosodru, mwanamke wa Kimangbetu, pamoja na nywele zake zilizoinuliwa nyuma ya kichwa. Jina la aliyesukwa lilivuka bahari. La msusi halikuvuka.

Kusini ya huko, katika Kivu ya Kaskazini, iko miji ya Beni na Butembo, ambako Kinande ni lugha ya nyumbani, Kiswahili cha sokoni, na Kifaransa cha shule na ofisi. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na bidhaa za Asia huufikia kwa njia ya Mombasa na Kasindi. Lakini nywele za dukani hazisuki zenyewe. Ususi hujifunzwa kwanza juu ya vichwa vya ndugu: kuchambua kwa chanuo, kugawa mistari, kukaza bila kuumiza panja. Kazi huchukua saa nyingi, na katika saa hizo mengi husemwa. Isitoshe, mahali pengi watu huhofia nywele zilizoanguka zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Kwa hiyo mteja hukabidhi kichwa, siri na mabaki kwa mtu mmoja. Huo ndio mtaji halisi wa msusi, na hauuzwi dukani.

Mtaji huo ulitiwa majaribuni na Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, baada ya kugunduliwa Mangina karibu na Beni, ulienea hadi Butembo. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa na 2,287 kati yao wamekufa. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake. Ugonjwa huu huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili, jasho likiwamo. Shauri la kutogusana, ambalo karani angeweza kulitii bila hasara kubwa, kwa msusi lilikuwa sawa na kufunga kazi. Hakuna mkono unaosuka kutoka mbali.

Katazo lilifika hata kwenye maiti. Kumwosha marehemu na kumtengeneza, ambayo ni haki ya jamaa, kulipewa vikosi vya mazishi vilivyovaa mavazi ya kujikinga. Kitaalamu hatua hiyo ilikuwa ya lazima, kwani maiti huambukiza sana. Hata hivyo, vikosi hivyo vilikabiliwa na upinzani mara nyingi, na si haki kuuita upinzani wote ujinga. Waliopinga walikuwa wakiambiwa kwamba kichwa cha mama yao kitashikwa mara ya mwisho na mtu wasiyemjua.