Mtaa Ukipanda Bei, Kiswahili Huhamia Wapi?

Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wetu Biryogo na Nyamirambo, jijini Kigali, wakafanye mazoezi ya mazungumzo. Sababu yake inajulikana. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, Waislamu wasemao Kiswahili walitengewa makazi upande huo, na lugha ikaota mizizi madukani, gereji na misikitini. Safari iliyopita mwanafunzi mmoja alirudi amevunjika moyo. Alibisha hodi nyumba tatu, zote akajibiwa kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Akaniuliza, "Mwalimu, Waswahili wamekwenda wapi?"

Jibu la haraka ni kwamba mtaa umeendelea. Ni kweli kwamba barabara zimepata lami, nyumba za ghorofa zinajengwa, na tangu mwaka 2021 Biryogo ina barabara iliyofungiwa magari, yenye mikahawa mpaka katikati ya njia. Lakini hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili: mtaa kutajirika na wakazi wake kutajirika.

Tuchukue mfano. Ua mmoja una wapangaji sita: fundi cherehani, dereva, muuza chapati na wenzao. Kila mmoja anapata faranga 50,000 kwa mwezi. Bei ya kiwanja inapanda, mwenye nyumba anauza, na wapangaji wanahama. Pajengwapo nyumba mpya, wanaingia watumishi wawili wenye mshahara wa faranga 500,000 kila mmoja. Wastani wa kipato katika ua huo umepanda mara kumi, ilhali hakuna hata mtu mmoja aliyeongezewa senti. Waliobadilika ni watu.

Waliohama huelekea kwenye kodi nafuu, aghalabu pembezoni mwa jiji. Takwimu za sensa zinaonyesha jiji linavyotanuka. Kati ya mwaka 2012 na 2022, wilaya ya Nyarugenge, ambamo mna Biryogo na Nyamirambo, ilitoka watu 284,561 hadi 374,319, yaani ongezeko la karibu asilimia 32. Gasabo, yenye maeneo mengi ya pembezoni, ilitoka 529,561 hadi 879,505, yaani asilimia 66. Sensa hiyo inatuambia watu wameongezeka wapi. Haituambii nani alimpisha nani.

Kwa lugha yetu, hasara iko hapo. Familia sita zikiwa ua mmoja, watoto husikia Kiswahili kisimani, jikoni na mchezoni. Zikitawanyika vilima sita, kila moja inabaki peke yake kati ya majirani wasiokisema, na mtoto hufuata lugha ya wenzake. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, lakini sheria haiwezi kumrudishia mtoto jirani wa kuzungumza naye.

Walimu wenzangu, tusiache kwenda Biryogo. Wazungumzaji bado wapo. Ila tuwafundishe wanafunzi kuuliza swali la pili: "Aliyekuwa akiishi hapa alihamia wapi?" Kisha tuwafuate huko. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo. Kinyozi mmoja alimwelekeza kwa mzee aliyehamia Gasabo, nao wakazungumza hadi magharibi. Mzee alimwomba arudi, kwa kuwa wajukuu wake hawamjibu tena kwa Kiswahili.