Si kila goti linalouma limeponzwa na nyama choma

MTU akianza kuchechemea ofisini Jumatatu asubuhi, wenzake huwa wameshamaliza uchunguzi kabla hajafika kwenye kiti chake: ni gauti, amezidisha nyama choma na bia. Ushauri nao hufuata papo hapo. Aache nyama nyekundu, aache maharage, aache mchicha, aache nyanya, na kila asubuhi anywe maji ya ndimu.

Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo unahusu ugonjwa mmoja tu. Magonjwa yanayoshambulia viungo yanazidi 100, na uhusiano wake na chakula hutofautiana sana. Kuyachanganya si kosa dogo, kwani wapo wanaojinyima chakula kizuri kwa miaka huku ugonjwa halisi ukiendelea kuharibu vidole vyao.

Ugonjwa unaohusiana moja kwa moja na mlo ni jongo, ambao wengi mijini huuita gauti. Husababishwa na asidi ya yuriki, taka inayobaki baada ya mwili kuvunjavunja kemikali ziitwazo purini. Purini zimo katika vyakula, lakini sehemu kubwa zaidi hutokana na seli za mwili wenyewe zinapokufa na nyingine kuchukua nafasi zake. Chakula huchangia takriban theluthi moja tu. Figo hutoa nje kiasi cha theluthi mbili za asidi hiyo, na inayobaki hutoka kupitia utumbo.

Kiwango chake kikipita takriban miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, asidi hiyo huweza kuganda na kuwa fuwele zenye ncha kama sindano ndani ya viungo. Kinga ya mwili ikizigundua, huzishambulia. Hapo ndipo kidole gumba cha mguu huvimba usiku, kikapata joto na kuuma kiasi kwamba hata shuka haivumiliki kukigusa.

Je, nyama na bia vina hatia? Vinayo. Utafiti uliofanyika Marekani kwa kuwafuatilia wanaume 47,150 wa fani za afya kwa miaka 12, na matokeo yake kutolewa mwaka 2004, ulionyesha kuwa kundi lililokula nyama nyingi zaidi lilikuwa na hatari ya kupata jongo iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya kundi lililokula kidogo kabisa. Kwa samaki na vyakula vingine vya baharini, tofauti ilikuwa asilimia 51. Kila kopo moja la bia la mililita 355 kwa siku liliongeza hatari kwa asilimia 49, na ikumbukwe kuwa chupa ya nusu lita iliyozoeleka Afrika Mashariki ni kubwa kuliko kopo hilo. Pombe kali iliongeza hatari kwa kiasi kidogo zaidi, na mvinyo wa kiasi haukuonekana kuiongeza.

Uchambuzi mwingine wa kundi hilo hilo, uliotolewa mwaka 2008, uliikuta soda pia. Waliokunywa soda mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 85 ile ya waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Sukari aina ya fruktosi inapovunjwa katika ini huzalisha asidi ya yuriki, hivyo mtu anayeacha bia na kuhamia soda hajaenda mbali.

Ipo desturi moja ya mijini isiyotajwa mara kwa mara katika mijadala hii, nayo ni supu. Purini huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama, maini au utumbo vikichemshwa kwa muda mrefu, sehemu ya purini huhamia kwenye mchuzi. Anayekunywa bia usiku wa Jumamosi na kuamkia bakuli la supu ili kuondoa uchovu huipa figo kazi mara mbili ndani ya saa 12.

Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliowahusisha wagonjwa wa jongo 633, ulionyesha kuwa waliokula purini nyingi kabisa katika siku mbili walikuwa karibu mara tano zaidi katika uwezekano wa kupata shambulio jipya wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa. Purini zitokanazo na mimea zilionekana kuwa na athari ndogo zaidi kuliko zile za wanyama.

Hapo ndipo maharage yanapostahili kuombwa radhi. Ule utafiti wa wanaume 47,150 haukuona kuwa mboga zenye purini, zikiwamo maharage na spinachi, zinaongeza hatari ya kupata jongo, na maziwa yaliyopunguzwa mafuta yaliambatana na hatari ndogo zaidi. Hata hivyo, marufuku ya maharage na mchicha ingali ikitolewa kwa wagonjwa, hata wale ambao maharage ndiyo protini pekee wanayomudu kila siku. Kumwondolea mtu kama huyo maharage bila kumpa mbadala ni kumwongezea tatizo la pili.

Pamoja na hayo yote, mlo ni kiberiti tu. Kuni huwa zimekwisha kupangwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 kwa takwimu za Wamarekani 16,760 wenye asili ya Ulaya ulionyesha kuwa kila chakula kimoja kimoja kilieleza chini ya asilimia moja ya tofauti za asidi ya yuriki baina ya watu, wakati urithi wa vinasaba ulieleza karibu asilimia 24. Wengine huletewa jongo na figo zilizodhoofika, au na dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, mathalani haidroklorothiazaidi. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuapa kuwa hajagusa nyama mwezi mzima, na akawa anasema kweli. Hapaswi kuacha dawa za shinikizo kwa uamuzi wake, bali amuulize daktari kama zipo nyingine zinazomfaa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kujinyima kwa dhati kwa kawaida hushusha asidi ya yuriki kwa takriban miligramu moja. Mwenye miligramu 9 atafika 8, ilhali lengo la tiba ni kuwa chini ya 6. Pengo hilo huzibwa na dawa, hasa alopurinoli, inayoanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole. Mwanzoni dawa hiyo huweza kuamsha mashambulizi wakati fuwele za zamani zinapoyeyuka, na wengi huitupa hapo wakidhani imewadhuru. Atokwaye na vipele au homa ndiye anayetakiwa kuiacha mara moja na kurudi hospitalini.

Kipimo cha damu nacho huwapotosha wengi. Watu wengi wenye asidi ya yuriki nyingi hawapati jongo maisha yao yote, na wakati wa shambulio kiwango kinaweza kuonekana cha kawaida. Uthibitisho ulio bora ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano na kuzitafuta fuwele kwa hadubini.

Baridi yabisi ni habari nyingine kabisa. Hapa kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo bila kuwapo fuwele, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Dalili zake ni kuvimba kwa viungo vidogo vya mikono yote miwili na ukakamavu wa asubuhi unaodumu zaidi ya nusu saa. Mwanamke mwenye dalili hizo akiambiwa ana gauti na kuachishwa nyama, anapoteza muda asioweza kuurudisha, maana uharibifu mwingi wa viungo huanza katika miaka miwili ya mwanzo. Ndicho kipindi ambacho dawa kama methotreksati hufaa zaidi.

Chakula kimejaribiwa katika ugonjwa huo pia. Mwaka 1991 watafiti wa Norway walieleza kuwa wagonjwa waliofunga kwa siku 7 hadi 10, kisha wakala mlo wa mimea pekee na baadaye kuongeza maziwa, walipata nafuu iliyoonekana hata baada ya mwaka. Lakini walikuwa 53 tu, wakiwamo wa kundi la kulinganishia. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2022 inapendekeza, tena kwa tahadhari, mlo wenye mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, bila kuwa badala ya dawa.

Na nyanya? Nchini New Zealand, mwaka 2015, miongoni mwa wenye jongo waliosema wana chakula kinachowaamshia mashambulizi, mmoja kati ya watano alizitaja. Ushuhuda wa namna hiyo haupaswi kubezwa, ila una mtego: maumivu ya viungo huja na kuondoka yenyewe, na chochote kilicholiwa jana yake hubebeshwa lawama. Anayeshuku chakula fulani akiache kimoja tu kwa wiki kadhaa, akirudishe, na aandike kinachotokea.

Kwa goti lililochakaa gegedu, kinachohesabiwa ni uzito zaidi ya aina ya chakula. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopunguzwa huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua.

Wasiojua wanaugua nini hukimbilia diklofenaki ya duka la dawa, wakaimeza miezi mfululizo. Dawa za kundi hilo huweza kutoboa tumbo na kuchosha figo, zile zile zinazotakiwa kutoa asidi ya yuriki. Aidha, kiungo kimoja kikivimba ghafla na kupata joto huku mtu ana homa, huenda ni usaha unaoweza kukiharibu ndani ya siku chache. Huyo anatakiwa kufika hospitali siku hiyo hiyo, awe alikula nyama choma au hakula.