Sensa ya oksijeni: Je, gari la zamani linaihitaji kweli?

GARI la zamani linahitaji kweli sensa ya oksijeni inayofanya kazi, au ni biashara ya wauza spea tu? Swali hili huulizwa sana na wafanyabiashara wanaochukua magari ya mitumba Dar es Salaam na kuyavusha kwenda Zambia, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi na mpaka bado uko mbali.

Jibu linategemea gari lilivyoundwa kiwandani, si umri wake. Magari mengi ya zamani ya kabureta, kama vile Peugeot 504 na Land Rover za miaka hiyo, hayakuwa na sensa hii kabisa. Dizeli za zamani nazo hazina. Mwenye gari la aina hiyo asikubali kuuziwa kitu ambacho hakina hata mahali pa kufungwa. Lakini gari la petroli lenye injeksheni na kontroli boksi, hata likiwa na miaka 25, lilipangwa lifanye kazi kwa kuitegemea sensa hiyo.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976, na Volvo wakawa wa kwanza kuifunga kwenye magari yao ya soko la Marekani. Hukaa kwenye bomba la eksozi, karibu na injini, na hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Petroli ikizidi, sensa ya kawaida hutoa umeme wa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, hushuka hadi karibu volti 0.1. Kontroli boksi husoma umeme huo na kuongeza au kupunguza mafuta kwenye nozeli, ili kila kilo 1 ya petroli ichomwe na takriban kilo 14.7 za hewa. Kazi hiyo hufanyika mfululizo, kila sekunde, injini ikishapata moto.

Anayeendesha kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya anaweza kuielewa vizuri. Pwani hewa ni nzito, Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na hewa ni nyepesi. Gari la kabureta lililosetiwa Dar likifika huko huanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, kwa kuwa petroli inaingia nyingi kuliko hewa iliyopo. Gari la injeksheni hujirekebisha lenyewe njiani, na sensa ya oksijeni ni mojawapo ya vifaa vinavyoliwezesha.

Sensa ikifa, kwa kawaida gari halizimi barabarani, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kontroli boksi huamua kutumia vipimo vyake vya akiba, ambavyo kwa usalama wa injini huelekea kumwaga mafuta mengi. Tovuti ya serikali ya Marekani inayohusu matumizi ya mafuta imeeleza kuwa kurekebisha sensa iliyoharibika kunaweza kuboresha matumizi kwa hadi asilimia 40. Hicho ni kiwango cha juu kabisa. Magari mengi hayafiki huko. Tuchukue asilimia 15 tu. Gari linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 litakunywa lita 72 kwa kilomita 900, yaani karibu safari ya Dar hadi Tunduma. Ongeza asilimia 15, ni lita 11 zaidi kwa safari moja. Madereva wa magari ya IT, wanaopewa mafuta ya kipimo, wanajua maana ya lita 11 zikikosekana Makambako.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye masega. Petroli isiyoungua huingia humo na kuungulia ndani, masega hupata moto kupita kiasi, huyeyuka na kuziba eksozi. Gari huwa zito kupanda mlima kama limefunga breki. Bei ya masega haifanani hata kidogo na ya sensa.

Hata hivyo, taa kuwaka si ushahidi kwamba sensa imekufa. Mashine ya kupima inaweza kuonyesha kodi ya sensa kumbe eksozi imepasuka mbele yake, hewa ya nje inaingia, na sensa inaripoti kwa uaminifu kile inachokiona. Fundi anayebadilisha sensa bila kukagua gasketi ya eksozi, waya na hozi za hewa anabahatisha kwa pesa yako. Vilevile magari mengi yana sensa mbili. Ya kwanza, iliyo kabla ya masega, ndiyo inayoongoza mafuta. Ya pili, iliyo nyuma, kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega, na ikifa mafuta hayabadiliki sana. Masega yakishaibwa au kuuzwa, taa huwaka kwa sababu ya sensa hii ya nyuma, na kununua mpya hakutaizima.

Kwa mnunuzi, kipimo ni rahisi. Washa swichi bila kupiga stata: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au taa imezibwa. Ikiwa betri ilichomolewa asubuhi ile kufuta kodi, taa itarudi baadaye, hivyo usiridhike kuzunguka yadi. Endesha mpaka injini ishike moto vizuri. Fungua plagi moja pia. Ikiwa na masizi makavu meusi, uliza maswali.

Masuala haya yanazidi kugusa mpakani. Kenya haipokei gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza yenye miaka 15 au zaidi, na Rwanda mwaka 2025 ilianza mpango mpya wa kupima moshi wa magari. Gari linalomwaga petroli hutoa kaboni monoksaidi nyingi, hata kama moshi hauonekani kwa macho.

Ukiamua kununua sensa, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Linganisha namba, idadi ya waya na soketi. Baadhi ya Toyota za kuanzia miaka ya 2000 hutumia sensa ya aina nyingine mbele, inayopima uwiano wa hewa na mafuta. Ina waya 4 na inafanana sana na ya kawaida, lakini ukifunga moja mahali pa nyingine gari litazidi kusumbua. Za mtumba zilizokatwa Japani ni nafuu, ila hakuna anayejua zimebakiza kilomita ngapi.