Jinsi ya Kushona Ala ya Kisu

Mtu atakaye kujifunza kazi ya ngozi mara nyingi huanza na mkoba au viatu, akaharibu kipande kizuri, kisha akaiacha kazi. Yafaa zaidi kuanza na ala ya kisu. Kushona kwake ni kazi ya siku moja, ngozi itakiwayo ni kidogo, na mwenye kuishona vema huwa amekwisha jifunza mambo mengi atakayoyahitaji kwa mshipi na mkoba. Tena ala si pambo tu. Kisu kilichozungushiwa kitambaa na kutiwa kikapuni humkata yeyote atiaye mkono bila kutazama.

Kwanza ni ngozi. Itafute iliyotengenezwa kwa magome ya miti, yenye unene wa milimita 3 hivi. Katika Kenya magome yaliyojulikana sana kwa kazi hiyo ni ya mwati, mti uliotoka Australia ukapandwa katika nyanda za juu. Ngozi nyingine hutengenezwa kwa chumvi za kromi. Hiyo ni laini na hufaa kwa sehemu za juu za viatu, lakini haishiki umbo la kisu. Tazama ukingo uliokatwa: ya magome huwa ya kahawia mpaka ndani, na ya kromi mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au ya buluu katikati. Mshona viatu aweza kukuuzia kipande kilichobaki kwa bei nafuu.

Chukua kisu chenye makali upande mmoja, na ubapa wa inchi 4 au 5. Kunja karatasi ngumu, ulaze mgongo wa kisu juu ya mkunjo, kisha uchore kukizunguka. Upande wa makali ongeza nusu inchi na kidogo zaidi, maana mwanafunzi karibu kila mara hukata ala nyembamba mno. Ala na imeze mpini kiasi cha inchi moja, kwa kuwa hapo ndipo itakapokishika kisu. Katika upande utakaokuwa nyuma acha ulimi wenye upana wa inchi 1 na urefu wa inchi 5, upande juu ya mdomo wa ala. Huo ndio utakaopitishwa mshipi. Fungua karatasi, uilaze juu ya ngozi, ukate juu ya ubao kwa kisu kikali sana, ukikipitisha polepole mara tatu au nne. Mkono unaoshika ngozi uwe nyuma ya makali daima.

Sasa kunja ule ulimi kwa nje, uushone nyuma ya ala kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Ala ikiisha fungwa, sindano haina njia ya kuingia ndani.

Jambo la pili watu wengi hulidharau, nami nililidharau. Ala yangu ya kwanza niliifunga kwa kushona ngozi mbili tu, moja juu ya nyingine. Haukupita mwezi, nilipoinama shambani nikaisikia ncha ya kisu pajani. Kila nilipokirudisha kisu, makali yalikuwa yakigusa uzi, hata yakaukata wote kutoka mdomoni mpaka chini. Basi kata utepe wa ngozi ile ile, upana wake nusu inchi, unaofuata upinde wa makali kutoka mdomo mpaka ncha. Uubandike kwa gundi katikati ya zile ngozi mbili, kingo zote zikiwa sawa. Mshono upite robo inchi kutoka ukingoni. Hivyo makali yatakutana na ngozi, wala hayataufikia uzi.

Gundi ikiisha kukauka, weka alama za matundu. Uma wa mezani ukikandamizwa katika mstari hutoa alama zilizo sawa kabisa. Toboa kwa chuma chembamba chenye mpini, ukikisimamisha wima, kwa sababu kikiinama tundu hutokea mahali pasipotakiwa upande wa pili.

Uzi wa katani au wa nailoni upakwe nta ya nyuki, na urefu wake uwe mara tano ya mshono. Uzi ni mmoja, walakini sindano ni mbili, moja kila mwisho. Vuta uzi katika tundu la kwanza hata nusu iwe huku na nusu kule. Katika kila tundu linalofuata pitisha sindano ya kushoto, kisha ya kulia katika tundu lile lile, ndipo uvute zote kwa nguvu sawa. Angalia sindano ya pili isiuchome uzi wa kwanza. Uzi ukikatika mahali pamoja, nusu ya pili hubaki ikishika. Cherehani haiwezi kukupa mshono kama huo. Ufikapo mwisho rudi nyuma matundu matatu, ukate.

Chovya ala katika maji ya vuguvugu mpaka mapovu yaishe. Zungushia kisu karatasi nyembamba ya nailoni, ukitie ndani, ubonyeze ngozi kwa vidole mpaka umbo la mpini lionekane. Kisha kitoe kisu taratibu, uiache ala kivulini siku mbili. Usiikaushe motoni, maana itakakamaa na kupasuka. Baadaye ipake nta kidogo. Mafuta yenye chumvi yataleta kutu. Wakati wa mvua usikilaze kisu ndani yake siku nyingi, kwa kuwa ngozi huweka unyevu.

Kabla ya kuivaa, tia kisu, uigeuze ala juu chini mbali na miguu yako, uitikise. Kisu kikianguka, lowesha mdomo wa ala tena na kuubonyeza upya juu ya mpini.